Kabla Sijakukabidhi kwa Neema

Kwako Dije mwanangu,

Barua za watu zinaanzaga na hofu kwako uliye mbali. Wewe hujafika mbali kokote, upo chumba cha pili hapo unakunja nguo, ukikohoa nasikia. Kwa hiyo leo hofu ipo kwangu mie niliye karibu. Nimekaa kibarazani, magharibi ndo imepita, wali nimeufunika jikoni, na Mama Zawadi wa jirani alipokuja na stuli yake kama kawaida nimemwambia leo sina habari ya mtu. Ameniangalia kama nimefiwa. Kaondoka na stuli yake.

Utajiuliza mama anaandika nini wakati mdomo anao, tena mdomo ambao Mwananyamala yote hii inaujua. Ndo sababu yenyewe hiyo. Nikianza kuongea na wewe natoka kwenye jambo naingia kwa watu. Nataka nikwambie habari ya kazi, najikuta nakusimulia mtoto wa fulani kaachwa na nani. Wewe unacheka, unasema "haya mama", unaendelea na shughuli zako, na lile nililolitaka linabaki tumboni. Karatasi haicheki. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo maandishi yakipanda mlima na kushuka usinicheke, soma pole pole.

Mambo ya kula vizuri, sijui kulala mapema, sijui Arusha kuna baridi, hayo siandiki. Akili unazo na sweta unalo.

Naandika habari ya Neema. Unajua alichosema. Kasema kitanda ameshakutandikia, ila bandani kwake huko Arusha huingii kama mwanafunzi mpaka nikukabidhi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asikie. Tangu aseme hivyo mie nakwepa. Akipiga, mara mtandao unakatika, mara mikono ina povu, mara simu haina chaji na huku inapigwa. Kesho alfajiri unapanda basi, na hilo neno sijalisema. Usipokabidhiwa, Dije, utafika kule mgeni. Utapewa chai ya maziwa, utapewa blanketi zito, utakaa kwenye kiti uwaangalie wenzio wanapuliza rangi kwenye gari za watalii. Namjua Neema. Ni mtani wangu, lakini kwenye hilo hatanii.

Na mie siwezi kusema kautoa wapi huo utaratibu, maana kautoa kwetu. Kwa marehemu baba yako ndo ilivyokuwa. Kila aliyekuja kujifunza, mkubwa wake alikuja akasimama mbele ya banda akasema kwa sauti: nakukabidhi huyu, akikosea mwelekeze, akiumia nijulishe. Baba yako alikuwa anasema mtu asiyekabidhiwa hana wa kumuogopa na hana wa kumlilia.

Sasa kwa nini nakwepa? Nina wivu. Nimeshaliandika, lipo hapo, na kalamu hii ni ya wino.

Sio wivu wa mume. Wa mume mie naujua, ningeumaliza siku moja tena ukumbini watu wamejaa. Huu ni wivu wa mikono. Ni mbaya huo, hauna pa kwenda kuugombea.

Nianze mwanzo. Baba yako alikuwa na banda la rangi hapo hapo lilipo sasa, mie nikawa namletea chakula cha mchana. Kuleta chakula kukawa kukaa, kukaa kukawa kuosha gari. Nyingi zilikuwa gari za porini: za wapima ardhi, za watu wa mbao, na hawa wa mjini wanaokwenda Chanika kuangalia viwanja. Mtu ana gari zuri, analipitisha kwenye kinjia cha baiskeli katikati ya mikorosho na vichaka vya miiba, linarudi mbavu zote zimechorwa.

Siku ya kwanza kuachiwa gari peke yangu, lilikuwa jeusi, limejaa vumbi jekundu. Nikaona mikwaruzo myembamba mlangoni. Nikasema hii mbona ndogo. Nikavua kanga yangu ya juu nikaanza kupangusa. Kavu! Napangusa kwa nguvu, mduara kwa mduara, kama nasugua sufuria. Kumbe vumbi la pori ni mchanga, na mie ule mchanga ndo naukandamiza kwenye rangi. Baba yako alipolimwagia maji yakaonekana: bodi nzima miduara, juani inang'aa kama utando wa buibui. Akasimama. Akalizunguka gari. Akasema, "Mwajuma, miiba ilichora mistari. Wewe umemaliza daftari."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, maana aliyeshinda anapiga kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi mpaka ing'ae, gari zima ni yeye.

Wewe "maji kwanza" umelijua tangu unatambaa. Maji mengi, yashuke na mchanga wake, ndo mkono ufuate, na kitambaa kiwe laini na kimelowa. Nakwambia tu lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kanga yangu. Na hiyo habari ya ukucha nayo alinifundisha jioni ile ile, akanishika kidole akakipitisha kwenye mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, jeraha lipo kwenye klia, ile rangi ya juu ya uwazi, kompaundi italimaliza. Ukikwama, limeshafika kwenye rangi yenyewe. Ukiona weupe, ni praima, ile rangi ya chini kabisa. Ukiona bati, usiseme kesho, hewa yetu hii ina chumvi. Nilikuwa bibi harusi wa juzi juzi, na mume ananishika kidole kunionyesha kutu. Nikaenda kuwasimulia wenzangu wote.

Neema alikuja baadaye. Mnyamwezi wa Tabora, mdogo kwangu, mwembamba, kimya. Kimya gani huko! Unamuuliza swali asubuhi, jibu linakuja wewe umeshasahau uliuliza nini. Kaka yake ndo alimleta, na aliyempokea sio baba yako, ni mie, maana alikuwa anakuja kunisaidia kuosha. Sasa Wazaramo na Wanyamwezi utani wetu unaujua. Sikungoja.

"Karibu pwani, mbeba mizigo," nikamwambia. "Kichwa kimepona?"

Akaniangalia weee. Nikasema huyu hata utani hajui. Jioni tunafunga banda, ndoo nimeshafunika, ndo akajibu. "Kimepona, dada. Nimekuja kuona hayo mashamba mliyouza mkachezea ngoma."

Nikampenda hapo hapo. Usije ukadhani sikumpenda.

Nikamfundisha kila nilichokuwa nacho. Kuosha, kusikiliza ukucha, kubandika tepu pembeni ya jeraha, kusugua na msasa wa maji bila kuegemea. Akashika. Akashika kuliko nilivyotaka. Ilifika mahali mteja akileta gari, baba yako anasema, "Boneti mpe Neema. Mwajuma amalizie taa." Taa, Dije! Mie niliyemwonyesha ndoo ipo wapi!

Nilinuna, lakini baba yako hakuwa na kosa. Siku chache nyuma nilikuwa na mashine ya polishi mkononi, napiga boneti ya mtu wa mbao, huku namsimulia Neema harusi moja ya Magomeni, bibi harusi kavaa shela la kuazima na mwenye shela yumo ukumbini. Nilipofika pale mwenye shela anasimama, mkono wangu nao ukasimama. Mashine haikusimama. Pale ukingoni rangi ni nyembamba, na mashine ikikaa sehemu moja inapata moto. Ikaungua, praima ikatoka nje inanichekea. Neema alikuwa ananipungia mikono muda wote, mie nikadhani utamu wa hadithi umemzidi.

Mwanangu, ukifika kwenye kingo nyamaza. Hata kama habari ni tamu namna gani. Hili nalisema mie, kwa hiyo ujue ni kweli.

Kubwa zaidi ni ile ya bosi wa Prado. Watu nawasimulia kwa kuikata, leo nakupa nzima.

Mtu anayeshika mikwaruzo kila siku anajua gari limetoka wapi. Miiba ya porini kabisa inachora mirefu, mpaka kwenye vioo. Mikorosho inaparua na kuacha utomvu. Uzio wa michongoma unachora chini, kwenye milango, upande mmoja, maana hapo ndo mtu anapobanisha gari apite getini. Mie nilikuwa nayasoma hayo vizuri sana, na nikishasoma natangaza. Bosi huyo anakaa Kinondoni, mteja wetu mzuri, Prado lake kila likija ni ubavu wa kushoto, michongoma. Siku hiyo kaja na mkewe, kakaa kiti cha mbele, miwani usoni, mtu mzima na heshima zake. Na mie na furaha zangu!

"Shikamoo bosi! Eeeh, michongoma ya Chanika tena! Si nilikwambia uipunguze?"

Bosi akakohoa.

Yule mama akavua miwani. "Chanika?"

"Eh, si huko kwenye nyumba yenu mpya, mama. Hongereni jamani."

"Asante," akasema yule mama, taratibu kabisa. "Nyumba yetu inaendeleaje?"

"Sijafika, mama, ila kwa mikwaruzo hii baba anaisimamia. Kila wiki yupo huko."

Neema alikuwa anaosha tairi. Akachukua ndoo ya maji akanimwagia yote miguuni. Na mie nikamgombeza! "We Mnyamwezi, huoni?" Nilidhani imemteleza.

Ya nyumbani kwao nayajua yote mpaka mwisho, siyaandiki. Ninachoandika ni kwamba ulipita muda, bosi akarudi na gari lile lile, akashusha kioo kidogo, akamwita baba yako. "Namtaka yule dada asiyeongea." Basi ikawa hivyo. Yule akawaambia wenzie, wenzie wakawaambia wenzao. Gari zinaingia bandani zinauliza dada asiyeongea yupo? Na mie nimesimama hapo na ndoo yangu, na salamu zangu nzuri, na vichekesho vyangu, hakuna anayevitaka.

Nilikuwa najipa moyo kwamba wanamfuata kwa ajili ya mkono. Mkono wake mzuri, sikatai. Lakini walimfuata kwa sababu gari lao likisema kitu, yeye hajibu. Arusha huko utashika gari za kila aina ya watu, Dije. Dereva akikwambia katoka mbugani, katoka mbugani. Hata kama mlangoni umeona maua ya uzio wa mtu.

Halafu baba yako akafariki. Ulikuwa mdogo lakini siku ile unaikumbuka, nakuonaga ukiikumbuka. Ulikuwa hujala tangu jana yake, umekaa pembeni ya mkeka umeshika kidole gumba, hata maji hutaki. Mie mama yako, mwenye maneno ya kila msiba wa mtaa huu, ninayeitwaga kwenda kuwaliwaza wengine, sikuwa na hata moja la kukupa. Nilikutafutia.

Ndo akatokea Neema mlangoni. Kavaa ovaroli la marehemu, lile lenye rangi za gari zote za Dar es Salaam, linaburuza mpaka chini, kalamu kaiweka sikioni kama baba yako. Watani msibani wana ruhusa yao, hakuna wa kumkataza. Yule asiyeongea akaanza kuongea! Sauti ya baba yako, kikohozi cha baba yako. Akapita kwa waombolezaji anawakagua kichwa kimoja kimoja kama gari. "Hili limekuja lini? Hili limeparazwa na nini? Hili la bibi hili halipolishiki, mpeni tu chai." Akafika kwangu, akainama. "Mwajuma! Umepangusa kavu tena? Ona uso ulivyojaa miduara!" Halafu akalala kizingitini, akasema jeneza halitoki ndani mpaka Wazaramo wamwachie ovaroli liwe lake. Wazee wakabembeleza, yeye kalala. Wakamwachia.

Na wewe ukacheka. Nilisikia. Ukacheka kicheko cha tumboni, halafu ukalia, halafu ukaomba uji.

Kila mtu alimshukuru. Na mie nilimshukuru kwa mdomo. Ila nakwambia leo, moyoni niliona kama mtu kaingia kwenye kabati langu katoa nguo ambayo mie mwenyewe nilikuwa sijaivaa. Mwanangu kafiwa, na aliyemtoa machozi ni mtu mwingine. Mpaka leo nikisikia watu wanasema "Neema alitufaa siku ile," naitikia "sana", na meno yanauma.

Alipohamia Arusha nilimfungia vitumbua vya njiani, nikamwimbia na wimbo wa kumtania, na alipoondoka nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nikasema sasa banda limebaki na mie na mwanangu. Kumbe wewe kila likizo unaomba kwenda kwake, na kila ukirudi kuna kitu kimebadilika. Kitambaa ulikuwa unakishika kama mie, kimekunjwa hovyo ngumini. Ukarudi unakikunja mara mbili, mara mbili tena, unafanyia upande mmoja, ukichafuka unageuza. Nikasema sawa, ni vizuri, uchafu haurudi kwenye rangi. Halafu ukaanza kunyamaza ukiwa kazini. Halafu ukaacha kumwita mamdogo. Umeangusha ile "mdogo" sijui wapi njiani huko, siku hizi ni "Mama Neema", Mama Neema kasema hivi, Mama Neema anafanyaga hivi. Mie nipo hapo nasuuza ndoo, nasikia.

Na juzi ndo ukanimaliza. Yule mzee wa Land Cruiser kutoka Kisarawe, mlango wa nyuma ulikuwa umechanika vibaya na miiba. Ukauosha, ukaupitisha ukucha, ukafanya jeraha moja moja mpaka mlango ukarudi. Hata mie niliyekuona unaanza nilikuwa siwezi kuonyesha palikuwa wapi. Mzee kapitisha kiganja, kapitisha tena. "Binti, nani kakufundisha?" Na mie nikajiweka sawa kwenye kigoda, nikafuta mikono, nikaandaa na sura. Ukasema, "Mama Neema."

Hukusema kwa ubaya. Uliulizwa ukajibu.

Nikakaa kimya mpaka jioni. Unakumbuka mtaa ulivyochanganyikiwa? Mama Zawadi kaja na tangawizi na ndimu. Muuza mkaa kasimamisha mkokoteni kuniuliza nina nini. Mwingine nilimsikia dirishani anakwambia, "Mama Dije haongei, mpeleke hospitali, si hiyo hapo." Na wewe ukanishika paji la uso, ukasema sina homa. Sikuwa nayo kweli.

Nikuambie nilichokuwa nafikiri. Nilikuwa natafuta kitu kimoja unachofanya ambacho ni changu tu, ambacho Neema hajakigusa. Nikatafuta kwenye kuosha, kwenye msasa, kwenye kupaka waksi gari likiwa kivulini. Vyote nilimfundisha yeye, yeye akavifanya vizuri, akakupa wewe. Vimepita kwake ndo vikafika kwako, na mie nipo kwenye nyumba hiyo hiyo. Hiyo ndo inayonichoma. Angekufundisha vya kwake nisingesema kitu.

Na ningeweza kukubakiza, ujue. Ningesema tu kifua kinaniuma, ungefungua begi ukatoa nguo. Nimefikiria mpaka namna ya kukohoa. Lakini mie nimeishia kwenye kompaundi. Gari likija limechorwa mpaka bati, namwambia mwenyewe apeleke kwa fulani, halafu nakaa nalisindikiza kwa macho. Kuchanganya rangi sijui. Neema anaweza kuchukua gari la kaki lililopigwa na jua la porini mpaka limefifia, akachanganya rangi kwa macho yake, akaifikisha pale pale lilipofifia, sio ile ya kopo inayokaa kama kiraka. Nimeiona kwa macho yangu nilipokwenda kumsalimia. Nilisifia sana, nikaenda nyuma ya banda nikakaa.

Ukibaki kwangu utakuwa mzuri kama mie. Nimeliangalia neno hilo, halinitoshi kwa ajili yako.

Nimeweka kalamu chini, nimempigia.

"Halo," nikasema.

"Shikamoo, Mzaramo," akasema. "Mtandao wa pwani umepona?"

"Marahaba, mbeba mizigo. Umepona. Na chaji ipo."

Akanyamaza. Unamjua kwa kunyamaza, mwenzio ndo anahangaika kujaza.

"Mtoto anakuja kesho," nikasema.

"Najua. Kitanda tayari."

"Anapenda chai ya tangawizi."

"Najua."

"Asikae sana kwenye moshi wa rangi bila kujifunga pua."

"Hapulizi rangi mtu ambaye sijakabidhiwa, dada."

Hapo nikakwama. Dije, mie! Nilikuwa na neno moja tu la kusema, naliona kabisa, halitoki. Nikasikia huko kwake mtu anagonga bati, halafu akaacha.

"Nikukumbushe?" akasema. "Siku kaka yangu kanikabidhi kwako, ulimjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Muongo. Wewe unakumbuka nani alivaa nini Idi ya mwaka juzi."

"Nilisema nimempokea."

"Ulisema, 'Nimempokea, lakini huyu nikimfundisha vizuri ataniacha.' Kaka akacheka. Na wewe ukacheka. Mie sikucheka, nilikuwa nakuangalia." Akavuta pumzi. Hajawahi kuongea sana hivyo tangu siku ya ovaroli. "Ukanifundisha vizuri, na nilikuacha. Sasa huyu wako nikimfundisha nusu, nitakaa naye miaka. Nikimfundisha vizuri, ataniacha na mie. Unataka nimfundisheje?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye atasimama siku moja mlangoni kwake anakuangalia unaondoka na mikono yake. Nilidhani nikikutoa, wewe ndo umeisha, umekuwa wake. Sikufikiri kama na yeye anakushika tu kwa muda.

"Vizuri," nikasema.

"Basi nikabidhi."

Nikasimama, maana neno hilo halisemwi mtu amekaa. Nikasema kwa sauti, nadhani hata Mama Zawadi kasikia: "Neema, nakukabidhi Hadija binti Shomari. Akikosea mwelekeze. Akiumia nijulishe."

"Nimempokea, dada."

"Na usimfanye akawa bubu kama wewe."

"Hilo sio kazi yangu. Kwa alivyokuwa anaongea alipolala hapa likizo, wateja wangu wanamuulizia mpaka leo. Wanasema yule binti wa Dar anayechekesha yupo?"

Akakata. Hata kwaheri hakusema, Mnyamwezi yule.

Sasa nimekaa tena, naandika. Kumbe unaongea huko! Kumbe ukiwa kwake unaongea, ukiwa kwangu ndo unanyamaza, kwa sababu hapa nafasi yote nimeijaza mie. Nimecheka peke yangu kibarazani. Halafu nimefuta macho, halafu nimecheka tena.

Usidhani wivu umekwisha. Upo. Ukinipigia simu ukasema Mama Neema kapika nini, nitakuuliza aliweka chumvi kiasi gani, na nitasema ni nyingi. Ukinitumia picha ya gari mlilolimaliza pamoja, nitalikuza kwenye simu nitafute doa. Nivumilie hivyo hivyo. Wewe ongea na watu, wachekeshe, wapokee vizuri wakija na gari zao zimechanika, ila yaliyoandikwa ubavuni mwa gari muachie mwenye gari.

Nimekukabidhi kwake, na kwenye hilo neno sirudi nyuma.

Kuna jambo moja tu nalitaka, na hili ni amri, hata kama sio adabu. Basi likishaingia Arusha, utamuona Neema kwa dirisha, kasimama stendi anakusubiri, maana yeye huwaga anawahi. Usishuke. Kaa hapo hapo kwenye kiti, toa simu, nipigie mie kwanza. Tuongee mpaka kondakta aanze kufoka. Shikamoo yake ataipata baadaye.

Mama yako,
Mwajuma